Nyuzi Ishirini na Mbili

Mutuini,
Jumapili, 2 Februari 2025

Dadangu Waceke,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza kitakatifu kwa sababu ulinieleza kwamba Sista Veronicah, mlezi wenu, husoma barua zote kabla hazijafika mikononi mwenu manovisi mnaojifunza utawa. Sista, habari yako nawe, na asante kwa kunitunzia dada.

Sisi huku tu wazima. Cate amerudi kazini tangu juma lililopita. Shiku ameingia gredi ya nne, na siku tatu hazikuisha kabla hajapoteza sweta mpya. Mama yuko salama, ila magoti humsumbua akipanda zile ngazi za kanisa. Anakusalimu sana.

Kazini kuna mabadiliko mazuri kwangu. Ile stoo yetu ya mawe kule Spring Valley, iliyokuwa chini ya miti, mwenye ploti ameuza na wanajenga maghorofa. Tangu Desemba tumehamishia mali hapa hapa Mutuini, kwenye kontena lililowekwa kiwanjani nyuma ya soko. Natembea dakika saba kwenda kazini, mchana narudi nyumbani kula. Dan, mwenye kampuni yetu ya udongo wa bustani, anasema ni ya muda tu, lakini mimi sina haraka.

Sasa sikiliza. Mwaka huu Dan alituambia kila mtu achague zawadi yake stooni badala ya ule unga na mafuta ya kupikia ya kila mwaka. Nikachagua magunia kumi na mawili ya udongo wa kuoteshea miche, kwa ajili ya kitalu chenu. Yamepanda lori la jamaa anayeleta mbolea Kitale, atayashusha langoni kwenu Alhamisi. Huo si udongo wa kuchota tu njiani. Ni maganda ya nazi yaliyosagwa na mboji, na ndani yake kuna kuvu. Usishtuke, si ile ya mkate. Hii huingia kwenye mizizi ya mche na kuishi humo, halafu nyuzi zake hutambaa ardhini mbali kuliko mizizi yenyewe, zikiuletea mche maji na chakula. Mche nao huilisha sukari. Kule kwenye miteremko iliyochoka uliyonieleza, mche wenye kuvu hii husimama pale ambapo mwenzake hulala.

Tangu uingie utawa hakuna kitu kilichotoka nyumbani kwetu kikiwa na jina lako juu yake. Hiki kiwe cha kwanza.

Kaka yako,
Kiarie

&nbsp;

Nyumba ya Malezi, karibu na Kitale,
Ijumaa, 28 Februari 2025

Kaka Kiarie,

Milele na milele, Amina. Sista Veronicah alicheka alipofika pale ulipomsalimu, kisha akaficha meno.

Mimi ni mzima. Kunakuwa na baridi ya alfajiri hapa inayoingia hadi kwenye mifupa, lakini chakula kipo na tunalala vyema. Mwambie Shiku hata mimi nimepoteza sweta.

Magunia yalifika, yote kumi na mawili, hakuna lililopasuka. Stoo yetu ilikuwa ikipakwa rangi, kwa hiyo yalikaa siku mbili nje kwenye ukuta wa jikoni, kisha yakaingia ndani. Mzee Ogutu ndiye anayeongoza kitalu. Amefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, na mimi ndiye novisi niliyepewa kumsaidia. Alifungua gunia la kwanza, akachota konzi moja, akaikamua, akainusa. Akanusa tena.

Nikamuuliza, "Vipi, Mzee?"

"Sista, udongo uko na harufu yake. Hii haina kitu inasema."

Nikamweleza habari za kuvu zako kama ulivyoniandikia, akanisikiliza kwa heshima. Akasema ikiwa kaka yako amesoma mambo hayo, tupande. Tumejaza mifuko elfu mbili na kuotesha parachichi. Ni ya kikundi cha wajane wa parokia. Watapanda mvua ya Agosti kule mteremkoni ambako mahindi yamekataa. Ogutu alijaza mifuko mingine sitini kwa udongo wake mwenyewe, aliouchota chini ya miti ya zamani kule mtoni. Alisema ni ya kujifurahisha.

Kwaresma inaanza Jumatano. Hatuandiki wala hatupokei barua hadi Pasaka ipite. Nakuombea, wewe na Cate na mtoto.

Asante kwa salamu za Mama. Mwambie nimezipokea. Je, aliongeza neno lingine?

Dadako,
Waceke

&nbsp;

Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kaka Kiarie,

Amani ya Pasaka iwe nanyi, ingawa naileta ikiwa imechelewa. Nilitumaini kukuta barua yako ikiningoja Kwaresma ilipokwisha. Wenzangu walikuwa nazo tatu tatu. Huenda umeshikwa na kazi. Natumaini magoti ya Mama yametulia mvua hizi.

Nakuandikia kuhusu miche. Iliota vizuri, ikafika urefu wa kiganja, kisha ikasimama. Majani yamekuwa ya njano, mengine yameungua kingo. Kila asubuhi nang'oa iliyokufa. Wiki hii pekee nimetoa zaidi ya mia mbili. Mifuko sitini ya Ogutu iko pale pale, kivuli kile kile, maji ya ndoo ile ile, nayo ni ya kijani hadi inakera macho.

Mzee hakusema, "Nilikwambia." Alichukua mche mmoja wako na mmoja wake, akaiosha mizizi kwenye karai, akailaza kwenye gunia. Wa kwake ulikuwa na mizizi kama ndevu, udongo umeushikilia hata baada ya kuoshwa. Wako ulikuwa na mizizi minne mitano, mitupu. Akasema, "Hii imetafuta mwenzake ikakosa."

Wajane walikuja Jumatano kuitazama miche yao. Mmoja alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza kama tulisahau kumwagilia maji. Sista Veronicah alikuwepo, akasikia.

Kaka, nakuuliza wewe kwa sababu unaujua udongo huo. Je, kuvu hizo zinaweza kufa ndani ya gunia? Huwa zinahifadhiwaje? Nijibu mapema. Kuna watu hapa wanataka kujua.

Dadako,
Waceke

&nbsp;

Mutuini,
Jumapili, 22 Juni 2025

Dadangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Shiku alikuwa na homa, halafu Cate akasafiri kwao kwa mazishi, halafu mambo ya kazi yakanishika koo. Sasa tumetulia. Mama anakusalimu, anasema uvae vitu vizito.

Nimesikitika sana kuhusu miche. Umeuliza kuvu huhifadhiwaje, nami nitakujibu kama mtu wa stoo. Kuvu ni kitu hai. Inataka mahali pakavu, penye baridi kiasi, bila jua. Ikikaa hivyo inalala, na inaweza kulala hata mwaka. Joto likizidi inakufa. Na unyevu ukichanganyika na joto ni vibaya zaidi, maana unaiamsha, inatoka kutafuta mzizi, haipati, na haina nguvu ya kurudi kulala.

Kwa upande wetu rekodi zipo. Kila asubuhi joto la stoo huandikwa kwenye kitabu na kutiwa sahihi. Nyuzi ishirini na mbili, Januari nzima, Februari nzima. Mtu yeyote anaweza kuja kuangalia.

Lakini wewe mwenyewe uliniandikia kwamba magunia yalikaa siku mbili nje, kwenye ukuta wa jikoni. Ukuta wa jiko la kuni, Waceke, na jua la Februari kwa upande wa pili. Sitaki kumlaumu mtu nisiyemjua. Ila ni vyema mkaulizana ni nani aliyeyaweka hapo. Mtu aliyezoea udongo wa mtoni huenda asielewe kwamba gunia la namna hii halitupwi popote.

Mwambie Sista Veronicah nikipata nafasi nitawatafutia mengine.

Kaka yako,
Kiarie

&nbsp;

Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 13 Julai 2025

Kiarie,

Salamu kwa wote. Asante kwa kumruhusu Cate aje na Shiku siku ya wageni. Mtoto amerefuka. Alikula ndizi sita.

Barua yako ilisomwa kabla sijaiona, kama kawaida. Safari hii Sista Veronicah hakunipa. Aliishika mkononi akaniita kitaluni, akamwita na Ogutu, akasoma ile sehemu ya ukuta wa jikoni kwa sauti. Mara mbili. Kisha akamuuliza Mzee, "Ni wewe uliyeyaweka pale?" Ogutu alivua kofia, akasema ndiyo, ni mikono yake. Sista akanigeukia na kuniuliza swali moja, nami nikajibu. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Wamemwambia apumzike. Ndivyo walivyoyaita, mapumziko, kwa sababu ya umri. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa hapumzishwi Jumanne saa tano asubuhi, ndoo ikiwa bado imejaa maji mkononi mwake. Walimpa barua ya shukrani na blanketi. Alikunja ovaroli yake vizuri, akaiacha juu ya meza ya kupandia, akaenda kwao Ugunja.

Sasa nina maswali, na nayaandika nikijua ni nani atakayeyasoma kabla yako.

Ulichukua wiki sita kunijibu. Shiku anasema hajaugua tangu Krismasi.

Februari uliniandikia kwamba stoo yenu ya mawe imeuzwa na mali iko kwenye kontena kiwanjani. Juni ukaniandikia habari za stoo yenye nyuzi ishirini na mbili. Mimi nimekulia Mutuini. Najua Januari mabati ya choo chetu yalikuwa hayashikiki saa nane mchana. Kontena la chuma linapoaje?

Na jambo la tatu. Shiku aliniambia, bila ubaya, huku akimenya ndizi, kwamba cucu, nyanya yake, hataki jina langu litajwe mezani tangu nije utawani. Nilimuuliza Cate akatazama chini. Kiarie, tangu niingie hapa umeniletea salamu za Mama katika kila barua. Nilikuwa nikizisoma usiku hadi karatasi ikalegea. Usiniandikie tena salamu ambazo hakuzituma. Inaelekea unaziandika vile vile unavyoandika hiyo ishirini na mbili.

Waceke

&nbsp;

Mutuini,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Waceke, na Sista Veronicah utakayeisoma hii kwanza,

Sina salamu za kupamba leo. Tu wazima. Naandika kwenye meza ya jikoni, Cate amekaa mbele yangu na amesema hatainuka hadi nimalize.

Mzee Ogutu hakuua kuvu zile. Zilikuwa zimekufa kabla lori halijaondoka hapa.

Desemba tulipohamia kontenani, kipimajoto kilibaki ukutani Spring Valley, kikabomolewa pamoja na ukuta. Nilimpigia Dan nikamwambia kitabu cha joto kinangoja kuandikwa na sina kifaa. Alisema, "We Kiarie, andika tu vile ilikuwa. Ni wiki mbili tu. Nani atakuja kupima?" Nikaandika ishirini na mbili. Kesho yake nikaandika tena. Wiki mbili zikawa miezi, na ikafika mahali nikawa naandika Jumatatu joto la siku zote za juma, nikabadilisha kalamu katikati ili isionekane.

Nilijua mle ndani mna joto. Nilikuwa nikifungua mlango nasogea pembeni kwanza, hewa itoke. Usiku chuma kilipopoa kilitoa jasho, na asubuhi magunia ya juu yalikuwa na matone. Lakini wallahi, sikujua kwamba joto lile linaua. Nilidhani kuvu ni kuvu, inaota popote. Nilipokutumia yale magunia niliamini nakutumia kitu kizuri. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya hadithi hii ninayoweza kuisema bila aibu.

Mwezi wa Machi, mwenye bustani moja kubwa Spring Valley alilalamika kwamba miti yake haishiki. Dan akamleta mtu wa maabara, Musembi, kijana mtaratibu asiyesema sana. Aliotesha vitunguu kwenye udongo wetu, akaichemsha mizizi, akaitia rangi ya buluu na kuiangalia kwa darubini. Akaniita niangalie nami. Kwanza alinionyesha mzizi kutoka shamba la kawaida, umejaa nyuzi za buluu kama mishipa ya mkono. Kisha akaweka wetu. Ulikuwa mtupu kama kioo.

"Kiarie," akasema, "humu mmekuwa mkiuza maganda ya nazi."

Saa nane mchana akaingia kontenani na kipimajoto chake. Magunia ya juu, nyuzi hamsini na moja. Ya chini kabisa, arobaini na nne. Na hiyo ilikuwa Aprili, mawingu yameshaanza. Akakitazama kitabu changu, akafunua ukurasa mmoja mmoja. Alikifunga akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu sahani aliyokupikia ukashindwa kula.

Dan hakumwita tena Musembi. Mimi aliniambia nyamaza, mzigo mpya unakuja, huu tumalizie. Na mimi nikaumalizia. Nilikuwa najua haya yote, Waceke, barua yako ya Mei ilipofika. Niliiweka ndani ya Biblia wiki sita. Kisha nikaisoma tena ile ya Februari nikitafuta mlango wa kutokea, nikaukuta pale kwenye ukuta wa jikoni. Nilijua siku mbili ukutani si kitu. Nilijua kuna mtu upande wa pili wa sentensi ile. Nikaiandika hata hivyo, na nikatumia neno "rekodi".

Barua yako ya Julai iliponifikia nilienda Upper Hill, kwenye ofisi ya Dan. Nikamwambia nataka tuwaandikie wateja wote waliochukua mali tangu Desemba. Alinisikiliza hadi mwisho. Akageuza kitabu cha joto upande wangu.

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ukiongea, unajitaja wewe."

Nikamwambia ndiyo, hivyo ndivyo itakavyokuwa. Nilitoka na kitabu cha kupelekea mali chenye namba za wateja, nikawapigia simu mmoja mmoja kwa siku nne. Mama mmoja wa Limuru alinitukana hadi simu ikaisha chaji. Mwingine, wa kule Kikuyu, alianza kucheka, kisha akasema alikuwa amemfukuza mke wa mwanawe kitaluni akidhani ana mkono mbaya. Siku ya tano mlinzi alikuwa na amri nisiingie. Sasa niko nyumbani. Nalima viazi vya Mama.

Nilimweleza Mama kila kitu. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo mzee ana watoto?" Nikasema sijui. Akasema, "Hukuuliza." Basi, hayo tu. Hakutuma salamu, kwa hiyo sikuandikii. Lakini jioni aliniuliza Kitale ni mbali kiasi gani, na jina lako hakulitaja, wala hakuinuka mezani nilipolitaja mimi.

Sista Veronicah, nakuomba barua hii isomwe kwa sauti, mara mbili, mahali pale pale iliposomwa ile nyingine.

Kiarie

&nbsp;

Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kaka yangu Kiarie,

Natumaini viazi vimekubali na nyumba ni salama. Mwambie Cate asante. Anajua kwa nini.

Barua yako ilisomwa kama ulivyoomba. Sista Veronicah alisimama kitaluni, sisi manovisi sote tukiwa tumemzunguka, akaisoma. Alipofika mwisho alirudia tangu mwanzo, na mara ya pili alisimama kwenye yale maneno "kuna mtu upande wa pili wa sentensi". Aliikunja akasema, "Mimi ndiye niliyemwondoa. Nitaenda mwenyewe."

Ndipo nikasema nami. Kaka, ulinifungulia moyo wako wote, nami nilikuwa nimekaa juu ya jambo langu tangu Juni. Swali aliloniuliza Sista siku ile lilikuwa: "Ulimwona akiyaweka pale?" Nikajibu ndiyo. Ni kweli nilimwona. Nilimwona kwa sababu ni mimi niliyemwambia ayaweke. Yeye alitaka kuyapeleka kwenye kibanda chake kivulini, nikamwambia ni mbali, yaweke hapa ukutani, kesho kutwa stoo itakuwa tayari. Mzee alinitii kama anavyowatii masista wote. Na nilipojibu ile ndiyo alikuwa ananitazama, kofia mkononi, akingoja nimalizie. Sikumalizia.

Niliogopa kurudishwa nyumbani. Niliona Mama amesimama mlangoni akisema, nilikwambia. Hicho tu ndicho kilichonifunga mdomo. Hata kama siku mbili zile hazikuwa na madhara, mimi sikujua hivyo wakati ule. Nilidhani kweli nimeiua miche ya wajane, nikamwacha yeye aibebe.

Sista Veronicah hakunikemea. Alisema nadhiri zangu zitangoja mwaka mwingine, na kwamba tutakwenda Ugunja pamoja.

Tulikwenda Alhamisi. Nyumba yake iko mbali kidogo na barabara, imezungukwa na ua wa mimea. Nilitazamia kukuta bustani, mtu kama yule. Kiarie, kiwanja kilikuwa kitupu. Magugu yamefika dirishani. Mkewe, Mama Ajwang, alitupokea, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba tangu arudi hajashika jembe. Jirani alimwomba amwoteshee miche ya papai akakataa. Alimwambia mikono yake imeharibika.

Mzee alitoka akatusalimia vizuri, akatuletea viti. Sista Veronicah alipiga magoti pale uani, mwanamke wa umri wake, na Ogutu akashtuka akamwambia, "Sista, simama, watu wataona." Akasema, "Waone." Kisha akanipa barua yako niisome.

Nilisoma. Mama Ajwang alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mumewe. Nilipofika kwenye hamsini na moja, Mzee aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo haikuwa maji."

"Haikuwa maji, Mzee. Haikuwa wewe kabisa."

Aliigeuza mikono yake akaitazama pande zote mbili. "Mimi nilikuwa nimeanza kuamini," akasema. "Miezi mitatu nahesabu kila ndoo. Hii nilimwaga saa ngapi, ile nilizidisha wapi. Nilikuwa nimepata kosa, unajua? Nilikuwa nimejitafutia kosa hadi nikalipata."

Mama Ajwang alijifuta uso kwa kitenge, akaingia ndani.

Nikamwambia la kwangu. Nililisema lote, tangu kibanda chake hadi ile ndiyo. Sikuweza kumtazama. Nilipomaliza aliniambia, "Hiyo najua, mtoto wangu. Si nilikuwa hapo?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Kesho yake pia nilingoja, pale steji. Niliacha gari mbili zikaenda."

Kaka, sijui nitaishije na yale magari mawili. Lakini nimeamua nitaishi nayo, sitayatafutia maneno.

Sista Veronicah alimwomba arudi. Hakusema ndiyo wala la. Aliuliza ile miche sitini iko wapi. Nikamwambia tuliwapa wajane, wakaipanda Agosti mteremkoni. Imeshika hamsini na minane, na wale walionyimwa wanapita kuitazama wakitoka misa. Elfu mbili waliyongojea haipo, na mvua yao imepita. Hilo hatuwezi kuwarudishia. Alitikisa kichwa. Akauliza ni nani anayenyunyizia kitalu sasa, nikasema ni mimi, akauliza saa ngapi, nikamwambia, akasema namwagilia karibu mno na adhuhuri, nianze mapema. Hayo ndiyo mazungumzo yote ya kazi tuliyofanya.

Aliomba abaki na barua yako. Mwanawe anakuja Krismasi, na pale kijijini watu walikuwa wameambiana kwamba alifukuzwa kwa ulevi. Anataka isomwe. Nilimpa, kwa hiyo usiniombe nikurudishie.

Tulipokuwa tunaaga alinishika mkono akaniambia jambo, nami nakuandikia kama alivyolisema:

"Barua ya kaka yako nimesikia. Ni barua nzuri. Lakini barua ya kwanza pia ilikuwa nzuri. Sasa nataka kumwona."

Kiarie, basi la Busia huondoka mjini asubuhi na mapema, na Ugunja ni kabla ya kufika Busia. Ukishuka uliza kwa Mzee Ogutu wa miche, bado wanamwita hivyo. Nimemwambia utafika Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Nimemtazama machoni nikimwambia. Usinifanye niwe nimemdanganya mara ya pili.

Dadako,
Waceke